Viti Mlangoni kwa Bibi Doreen

Neema alisimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo begani, akatuambia kwa Kiingereza cha upole kabisa kwamba anatushukuru, kwamba mama yake angefurahi kutuona wote, na kwamba sasa angependa twende makwetu. Sebule ilikuwa imejaa. Kulikuwa na wanawake wa kanisani waliokuja na masufuria ya wali na maharage, kulikuwa na manesi waliofanya kazi na marehemu, na mimi niliyetoka Thornton Heath, kusini mwa London, asubuhi na mapema, nimekumbatia chupa mbili za chai ya tangawizi ndani ya treni. Tulikuwa tumemzika Mama Neema mchana ule ule. Udongo wa makaburini ulikuwa bado kwenye viatu vyetu, vimepangwa hapo mlangoni. Tukatazamana. Mmoja akajifanya hajasikia, akaendelea kupakua. Mwingine akasema mwanangu, hebu keti, umechoka, vyombo tutaosha sisi. Neema akarudia maneno yale yale, taratibu zaidi: anahitaji kuwa peke yake, leo, na kesho pia.

Nimeishi mji huu miaka mingi kuliko niliyoishi Morogoro, na bado nilichanganyikiwa pale pale nilipokaa. Kwetu mfiwa haulizwi kama anataka watu. Watu wanakuja, wanajaa, wanalala chini, wanapika, wanabishana juu ya chumvi, na mfiwa akisema niacheni, ndiyo kwanza mnajua kwamba haachiki. Lakini huyu ni mtoto aliyezaliwa hapa hapa. Anaelewa Kiswahili chote, hata kile tusichotaka akielewe, na maisha yake yote amekijibu kwa Kiingereza. Mtu kama huyo akisema anataka kuwa peke yake, mwenye busara anafanya nini? Bwana Harish, ambaye siku hizi anatembea na fimbo na alikuwa amepewa kiti kizuri karibu na hita, aliniinamia. "Dada Rehema," akasema chini chini, "hii si ndiyo ile ya Doreen tena?" Na mimi, badala ya kukaa msibani kama watu wengine, nikaanza kuukumbuka mwaka wa dhoruba.

Mwaka ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nasoma uhasibu, na nimepanga chumba kidogo kwa Mama Neema katika flati hii hii ya chini, Wembley. Dirisha langu lilitazama mapipa ya taka. Chumba kilitosha kitanda, na kabati lililofunguka nusu tu kwa sababu ya kitanda. Maisha yenyewe yalikuwa jikoni, kwenye meza ya plastiki iliyokaa ukutani, ambapo Neema, wakati huo mtoto wa shule ya msingi, alifanyia kazi zake za nyumbani, mama yake alikorogea nazi ya kopo kwa maji ya moto akidai ni sawa na nazi ya kukuna, na kamati ya wakazi wa jengo ilikutania. Mama Neema ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa nesi, mwenyeji wa Voi, mwanamke asiyeweza kusikia tatizo bila kulitafutia siku ya mkutano na sala ya kufungulia. Makamu wake alikuwa Bwana Harish mwenye duka la kona, aliyezaliwa Kisumu, akaja London akiwa kijana, na ambaye Jumapili alikwenda kwenye hekalu la Wahindu kule Neasden, kisha akarudi na peremende za samli zilizotushinda utamu. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu siku ya kwanza nilikuwa mtu pekee mwenye kalamu. Kabla ya dhoruba kazi yetu ilikuwa lifti na mapipa. Tuliandika malalamiko ya lifti kwa bidii kubwa, na lifti haikupona.

Dhoruba ilikuja alfajiri moja ya majira ya baridi. London inajua mvua, mvua ile ya kunyunyiza inayokulowesha bila wewe kuona, lakini upepo wa namna ile watu hawakuutegemea, ingawa televisheni ilisema. Niliamshwa na mapipa yakigombana uani. Kisha ukaja mlio ambao mpaka leo siwezi kuueleza, kitu kirefu kikichanika juu yetu. Ilikuwa ni paa la jengo. Upepo uliingia chini ya ile ngozi nyeusi ya lami na mbao zake, ukainyanyua upande mmoja, ukaikunja, ukaitupa kwenye maegesho juu ya magari ya watu. Tulipofungua mlango, korido ilikuwa imejaa majirani waliovaa makoti juu ya nguo za kulalia, kila mmoja anamuuliza mwenzake nini. Wa mwisho kushuka ngazi alikuwa Bibi Doreen wa ghorofa ya tatu, mjane wa Kiingereza, mfupi, nywele zimesimama. Hakuwa ameshika mkoba wala picha. Alikuwa amebeba birika la udongo la rangi ya kahawia, amelifunga kwa taulo, na maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka usoni.

Kamati ilikutana jikoni siku ile ile, na kusema kweli tulifanya kazi nzuri kuliko tulivyozoea. Bwana Harish alitoa mishumaa na maziwa dukani kwake. Mimi nilishinda kwenye simu na halmashauri mpaka wakaja kufunga turubai la bluu juu ya jengo. Familia za ghorofa ya tatu zilipelekwa hotelini. Bibi Doreen alikataa. Alisema amekaa jengo lile tangu alipoolewa na Stan, na kwamba anataka kurudi kwenye dirisha lake, lile linalotazama uwanja wa mpira, paa likishatengenezwa, na hoteli haijui. Halmashauri ikampa kwa muda flati tupu ya chini, ukuta kwa ukuta na sisi. Ofisa akamletea kitanda na ufunguo akaondoka. Hapo ndipo Mama Neema alipoweka kijiko mezani. "Huyu mama amepatwa," alisema. "Hakuna vile atalala pekee yake na roof yake iko huko parking." Hakuna aliyepinga. Nani angepinga? Tukapanga zamu pale pale.

Nataka nieleze zamu hizo vizuri, maana ndizo zilizotuponza. Mwanamke mmoja alilala naye kila usiku, kwenye godoro sakafuni kando ya kitanda chake. Asubuhi Mama Neema alipita kumpima presha kabla ya kwenda kazini. Hakumwambia majibu kwa sababu yalikuwa mazuri; alitikisa kichwa tu, akajisemea sawa kwa Kiswahili, akaenda zake. Mchana alikuwepo mtu wa kumpikia uji na mtu wa kumchana nywele. Jioni ndiyo kamati nzima ilihamia kwake. Tuliazima viti vya kukunja kanisani tukavipanga kuzunguka ukuta, yeye katikati kwenye kochi, blanketi magotini, televisheni imepunguzwa sauti kwa heshima. Tulizungumza Kiswahili, mambo yetu ya kawaida, bei ya tiketi, nani kahamia wapi, na mara moja moja mtu akamtazama Bibi Doreen kwa huruma na kusema pole yake, maskini. Yeye aliinua kichwa akatabasamu. Mchungaji akaja siku moja, akamwekea mkono kichwani akamwombea kwa sauti kubwa. Sote tukalia kidogo. Nilijisikia mtu mwema sana siku zile. Nilikuwa peke yangu katika nchi ya watu, na jioni zile zilikuwa kitu cha kwanza London kilichonipa harufu ya nyumbani.

Kuta za jengo lile ni nyembamba. Jioni moja niliporudi kuchukua sukari nilimsikia Bibi Doreen upande wa pili akizungumza na marehemu mumewe, kama alivyozoea. Wengine walikuwa hawajafika. "Watakuja tena leo, Stan," alikuwa akisema. "Watu wema sana. Ila hawataki kuniambia ni nini." Nilisimama na kopo la sukari mkononi. Nikaamini anazungumzia chakula. Kuanzia siku ile, kila sahani iliyowekwa mbele yake nikawa namtajia kwa Kiingereza changu chote: hii ni kunde, hii ni mihogo, hii ni samaki wa kukaanga kisha akaungwa kwa nazi. Alinisikiliza kwa makini, akanishukuru, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nilidhani ni pilipili.

Kisha akaanza kugawa vitu. Bwana Harish alipewa koti zito la Stan, la sufu, lenye mifuko mikubwa, na akalivaa dukani kila siku kwa fahari. Mimi nikapewa redio yake ndogo. Neema, aliyekuwa akishinda pale baada ya shule akimsomea vitabu, akapewa birika. Lile lile lililoshuka ngazi ndani ya taulo. Mama Neema alishtuka, akasita, lakini mkono wa mtu unaokupa haurudishwi nyuma, hasa wa mtu mzima. Tukapokea. Tukasema huyu bibi ana moyo, angalia anavyotushukuru. Tukazidisha kwenda. Nikikumbuka sasa vile alivyolishika lile birika dakika moja zaidi kabla ya kuliachia, nashangaa ilikuwaje watu wazima, mmoja wao nesi, tukakaa mle ndani na tusione kitu.

Ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa mwanamke aitwaye Gillian, mpole, mwenye viatu vya mpira na mafua yasiyoisha. Alikuja mara kadhaa kumjulia hali Bibi Doreen, na kila alipokuja alitukuta. Mara ya kwanza alimkuta anachanwa nywele. Mara ya pili tulikuwa watu wengi, na kila swali aliloulizwa Bibi Doreen lilijibiwa na mmoja wetu, kwa sababu kwetu anayefikwa na jambo hasumbuliwi kwa maswali, anasemewa. Gillian aliuliza nani anampikia. Tukasema sisi. Nani analala hapa? Mama Neema akasema tunalala kwa zamu, hata usiku mmoja hajawahi kuwa peke yake, na alisema kichwa kimeinuka, maana ilikuwa kweli na ilikuwa jasho letu. Gillian akasema hajawahi kuona majirani kama sisi. Tulimpa kipande cha keki na tukamsindikiza mpaka kwenye gari.

Siku aliyorudi na uamuzi alimwambia Mama Neema pale korido, akitabasamu, kama mtu anayeleta habari njema. Mama Neema aliingia jikoni akakaa na koti lake mwilini. Mimi na Bwana Harish tulikuwa mezani tunapanga mkutano wa paa. Akatuambia kwamba limepatikana jumba la wazee, mbali, mji mmoja wa pwani, lenye wahudumu mchana na usiku, na kwamba Bibi Doreen atahamia huko moja kwa moja. Flati ya juu atapewa mtu mwingine paa likiisha.

"Wanampeleka kwa sababu gani?" nikauliza.

"Wanasema hawezi kukaa pekee yake."

"Nani kasema hawezi?"

Mama Neema alinitazama. "Si ni sisi," akasema.

Tulihamia dukani kwa Bwana Harish, chumba cha nyuma, tukakaa juu ya magunia ya mchele, kwa sababu kule nyumbani ukuta ungesikia. Ulikuwa mkutano wa ajabu. Hatukuwa na mtu wa kumlaumu. Gillian hakuwa mbaya. Sisi hatukuwa wabaya. Tulimtendea yule bibi vile ambavyo kila mmoja wetu angetaka mama yake atendewe, na matokeo yake yalikuwa ni yeye kung'olewa mahali pekee alipopataka. Nilijaribu kutafuta tulipokosea nikashindwa. Nilikasirika, halafu sikujua nimkasirikie nani. Mama Neema alikuwa ameshampigia Gillian simu, akabishana, akabembeleza, akapata jambo moja tu: kabla ya kukamilisha, Gillian atakuja kwa mara ya mwisho baada ya wiki moja, aone kama Bibi Doreen anajimudu mwenyewe. Bwana Harish akakuna ndevu zake. "Basi tutoke," akasema. "Wiki nzima mtu asiguse ule mlango. Hakuna uji, hakuna kulala, hakuna nini."

"Na nitakaa aje kwangu nikimsikia anakohoa kwa ukuta?"

"Utakaa, Mama Neema. Kama unataka arudi juu, utakaa tu."

Mama Neema alilia pale kwenye magunia. Kumwacha mtu aliyepatwa lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulifanya, na sasa lilikuwa ndilo msaada uliobaki. Niliona namna lilivyomkataa kuingia kichwani, maana na mimi lilinikataa. Tuliondoka tumekubaliana, ila hakuna aliyekuwa na uhakika amekubaliana na nini.

Tulikwenda kumweleza Bibi Doreen, Mama Neema, Neema na mimi. Mama Neema alianza mbali, kwa maneno ya kuzunguka, kwamba tunampenda, kwamba kuanzia kesho hatutakuja, kwamba asidhani vibaya. Bibi Doreen alimsikiliza, mikono juu ya blanketi. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizia basi: "Kwa hiyo nimebakiwa na muda gani?"

Hatukumwelewa. Mama Neema, akidhani anaulizia siku ya Gillian kuja, akasema wiki moja. Bibi Doreen akafumba macho, akasema haya, wiki moja si mbaya, alidhani ni chini ya hapo. Ni Neema aliyeelewa kwanza. Mtoto yule alikuwa katikati ya dunia mbili, akimtazama huyu na yule, na ghafla akamshika mama yake mkono akamwambia kwa Kiingereza, Mama, anafikiri anakufa. Na kumbe ndivyo ilivyokuwa, tangu mwanzo. Nesi anakuja kila asubuhi kumpima, anatikisa kichwa, hasemi kitu. Watu wanalala sakafuni kando ya kitanda chake. Wanakaa kumzunguka jioni wakizungumza lugha yao kwa sauti ya chini na kumtazama kwa huruma. Mchungaji kaja. Aliamini daktari wake alikuwa ametuambia jambo, na kwamba adabu zetu zilitukataza kulitamka, na adabu zake zilimkataza kuuliza. Ndiyo maana aligawa koti la Stan. Ndiyo maana aligawa birika.

Mama Neema alicheka kwanza, kicheko kibaya, kisha akapiga magoti mbele ya kochi akaweka kichwa juu ya lile blanketi. "Presha yako ni nzuri kuliko yangu mimi," akamwambia. Bibi Doreen akamgonga gonga begani, akaniuliza mimi, "Sasa kama sifi, mlikuwa mnafanya nini hapa siku zote hizi?" Nilimwambia tulikuwa tunakaa naye. Akasubiri niendelee.

Vitu vikarudishwa siku ile ile. Bwana Harish alikuja na koti akiwa amelivaa, akalivua mlangoni, mwenyewe anacheka kwa aibu. Nikarudisha redio. Birika Neema alilikumbatia njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua chache za korido. Kisha tukafunga milango yetu. Wiki ile ni moja ya wiki ndefu nilizowahi kuishi. Tulijifunza mwendo wake wote kwa masikio: kuvuta kiti, kufungua bomba, redio ya asubuhi. Mama Neema aliacha kuimba jikoni ili asije akaalika maongezi. Siku moja baada ya chakula cha mchana tukasikia kitu kikianguka upande wa pili, kizito, kisha kimya. Mama Neema alikuwa mlangoni kabla sijasimama. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Nikamwambia ngoja. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia mtu aliyenizidi umri na taaluma angoje, na kama Bibi Doreen angekuwa ameumia sijui ningejiambia nini maisha yangu yote. Tukasimama pale, tumeshikana. Baada ya muda redio ikafunguliwa, kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mpaka leo naamini aliifungua kwa ajili yetu.

Gillian alikuja. Tulimwona kupitia dirishani akipita, tukakaa jikoni kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Kupitia ukutani tulisikia birika likiwekwa mezani na vikombe viwili. Maongezi yalikuwa marefu. Neno moja moja tu ndilo lililopenya. Gillian alipotoka hakugonga kwetu, na hiyo tukaichukua kuwa ishara mbaya, halafu tukaichukua kuwa ishara nzuri, halafu tukaacha. Jibu likaja kwa simu kwa Bibi Doreen mwenyewe, na yeye akagonga ukutani kwa kijiko, akatupazia sauti. Atarudi juu.

Paa lilikamilika kiangazi. Vijana wa halmashauri wakampandishia vitu vyake ghorofa ya tatu, na jioni ya kwanza kamati nzima ilikuwa majumbani, kila mtu na lake, hakuna aliyepanda. Tulikuwa hatujui tena. Tukienda, tutakuwa tumemrudisha kulekule? Tusipoenda, ni majirani gani sisi? Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze. Siku zikapita hivyo. Mama Neema alipika chapati za watu wengi, akazitazama, akazifunga kwenye friji. Nilikuwa na hasira na mji mzima, na Waingereza, na sisi wenyewe. Mwishoni nikashindwa. Nikapanda ngazi bila kumwambia mtu, maana lifti ilikuwa mbovu.

Mlango wa Bibi Doreen ulikuwa umefungwa. Mbele yake, hapo nje koridoni, vilipangwa viti viwili vya kukunja, vile vya kanisani ambavyo tulisahau kuvirudisha. Kimoja alikuwa amekalia yeye, kikombe mkononi, koti la Stan mabegani. Cha pili kilikuwa kitupu. Alinitazama nikihema.

"Mmechelewa," akasema.

Nilianza kumweleza kwamba hatukujua kama inaruhusiwa. Akanikatiza. Akaelekeza kidole nyuma yake. "Huko ndani ni kwangu, nikitaka kupiga kelele napiga, nikitaka kulia nalia," akasema. "Hapa nje kaeni mpaka mchoke."

Nikakaa. Kesho yake akaja Mama Neema na chapati, na baada yake Bwana Harish, na ikawa hivyo miaka yote iliyofuata: unapanda, unakaa kiti cha nje, mlango unafunguka au haufunguki, chai inatoka au haitoki. Alipokufa kweli, miaka mingi baadaye, alikufia kitandani kwake kwenye dirisha lake, na birika akamwachia Neema, safari hii sote tukijua maana yake. Sijawahi kuwa na hakika kama tulimfaa au tulimtesa mwaka ule. Nilimuuliza siku moja. Alisema hakumbuki kuwahi kula vizuri namna ile, na kwamba hakumbuki kuwahi kuogopa namna ile. Akaongeza kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimtisha zaidi, kwa vile nilivyokuwa nikimtajia majina ya vyakula.

Sasa nilikuwa sebuleni kwa marehemu, na binti yake amesimama na kitambaa begani anangoja. Nikasimama. Nikawaambia wale akina mama wa kanisani tumpe nafasi, chakula kibaki, sisi tutoke. Walivaa viatu vyao vyenye udongo huku wakinung'unika kwamba London imetuharibu, na mmoja akaniambia usoni kwamba marehemu asingenisamehe. Liliniuma. Waliondoka wote, na sikuwa na hakika hata kidogo kwamba si wao waliokuwa sahihi. Mimi nilifungua kabati la mita ya umeme pale korido. Nilijua ndipo Mama Neema alipohifadhi vile viti vya kanisani baada ya Bibi Doreen kufa. Nikatoa viti viwili vya kukunja, nikavipanga mbele ya mlango uliofungwa, na Bwana Harish akajishusha kwenye kimoja kwa taabu, akampigia mwanawe simu kwamba asije kumchukua bado.

Korido ilikuwa na baridi. Ndani yalisikika maji ya bomba, kisha Neema akaanza kulia, kilio cha sauti, kile ambacho hakukitoa kanisani wala kaburini mbele yetu sote. Niliinuka, nikajikuta mkono wangu uko kwenye kitasa.

"Kaa, dada," akasema Bwana Harish.

Nikakaa. Nililia na mimi, kwa Mama Neema, ambaye angeuvunja mlango ule, na ambaye pia aliwahi kusimama upande wa pili wa mlango ameshika kitasa na asiufungue. Sijui tulikaa kiasi gani. Kilio kikapungua, kikaisha. Mlango ukafunguka. Neema alitutazama, macho yamevimba, akavitazama viti, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amebeba birika la kahawia na vikombe viwili, akaviweka sakafuni katikati yetu kwa uangalifu. Nilingoja Kiingereza.

"Msiende," akasema, na akafunga mlango.

Nikamimina chai. Bwana Harish akauliza kama kuna sukari, nikamwambia anywe hivyo hivyo.